Sura ya Tano: Sindano ya Mgongo

Viazi, mboga na makaa yanayoingia masoko ya Butembo, mashariki mwa Kongo, kutoka milima ya Kyondo na Masereka havipandi gari vyote. Sehemu kubwa hupanda migongo ya wanawake. Mzigo hulazwa mgongoni, kamba ikapitishwa juu ya paji la uso, na shingo ndiyo ikavuta. Wanaume wana chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali: kwenye mteremko inambeba mwenyewe, kwenye mpando yeye ndiye anayeisukuma pamoja na magunia yake. Na Butembo, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, una mpando kila upande.

Kwa hiyo muuguzi wa kituo cha afya hahitaji takwimu kujua nani yuko kwenye benchi nje. Mama anaingia, anakaa kwa ubavu, anasema: "Dokta, mugongo inaniluma tangu mwaka uliopita. Vidonge nimechoka navyo. Munipige tu shindano." Aliye mbele yake ni muuguzi, lakini huku kila anayeshika sindano huitwa dokta na hakuna anayesahihisha. Diklofenaki inaingia tako la kulia. Mama analala usiku huo, pengine na wa pili. Baada ya majuma mawili amerudi, na safari hii anageuza la kushoto.

Sasa tuseme siku hiyohiyo, kilomita 54 kaskazini, motari mmoja, yaani dereva wa pikipiki, ameanguka Beni na kuvunjika paja. Wenzake wanamleta hospitalini wakiwa wamembana katikati juu ya pikipiki, safari ambayo peke yake ingetosha kumzimisha. Anapewa vidonge viwili vya parasetamoli na kuambiwa avumilie mpaka ndugu walete pesa ya picha.

Nimewaweka wawili hawa pamoja kwa sababu ukiwatazama mmoja mmoja huoni kinachoendelea. Huku Grand Nord, kama tunavyoyaita maeneo ya Beni na Lubero, maumivu mapya na makali hutibiwa chini ya kiwango, na maumivu ya zamani hutibiwa kupita kiasi, tena kwa dawa zilizokusudiwa yale mapya. Chanzo chake si ujinga wala ugumu wa moyo. Kituo kinaishi kwa malipo ya mgonjwa, na mgonjwa hulipa kwa kile alichopewa mkononi au mwilini. Dakika ishirini za maswali hazina bei kwenye orodha ya ukutani. Sindano inayo.

Maumivu ya ghafla ni jambo jema, na mahali pazuri pa kuliona hilo ni Oicha, kaskazini kidogo ya Beni. Katika miaka ya 1930 daktari mmisionari Mmarekani, Carl Becker, alianzisha hospitali pale ukingoni mwa msitu, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa akitibu wagonjwa wa ukoma kwa maelfu. Vijijini watu waliamini, na wengine bado wanaamini, kwamba ukoma hula vidole. Sivyo ulivyo. Ukoma huua neva. Mtu huinua sufuria kutoka motoni bila kusikia kitu, hutembea siku nzima na mwiba mguuni, hulala huku panya akimng'ata. Vidole humalizwa na majeraha ambayo hakuna aliyeyasikia. Asiye na maumivu hana mlinzi.

Mlinzi huyo hufanya kazi kwa haraka. Kidole kikigusa moto, nyuzi za neva zenye ganda hupeleka mchomo mkali papo hapo. Nyuzi nyembamba zaidi, zisizo na ganda, hufuata nyuma na ule uchungu mzito unaokaa. Ujumbe huo ukifika kwenye uti wa mgongo haupitishwi kama ulivyo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa hoja kwamba pale pana lango linaloweza kufunguliwa zaidi au kubanwa, na kwamba ubongo nao una mkono wake kwenye lango hilo. Daktari Mmarekani Henry Beecher alikuwa ameshayaona matokeo yake bila kuujua utaratibu: mwaka 1944, kwenye ufuo wa Anzio huko Italia, aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya kama wanataka dawa ya maumivu, na takriban robo tatu walisema hapana. Kwao jeraha lilikuwa na maana ya kutoka vitani wakiwa hai. Raia mwenye kidonda cha upasuaji cha ukubwa uleule huomba dawa bila kusita.

Ukitaka kuwaelewa wagonjwa wa Beni, geuza mfano huo wa Anzio. Hapa jeraha halimtoi mtu vitani. Mauaji ya raia yalianza Oktoba 2014, na aliyekatwa panga shambani kwake anarudishwa kijiji kilekile, au anakimbilia kwa jamaa mjini akiwa hana shamba tena. Lango linabaki wazi. Kovu linafunga, ngozi inakuwa safi, na mkono unaendelea kuwaka miaka miwili baadaye.

Kwa kawaida wataalamu huweka mpaka kwenye miezi mitatu. Maumivu yaliyovuka hapo huitwa sugu, na tangu kuandaliwa kwa orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ile ya kumi na moja, yana nafasi yake kama ugonjwa unaojitegemea. Hilo halikuamuliwa kwa huruma. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwamba neva za uti wa mgongo zikipigiwa kelele kwa muda, zenyewe hubadilika: huanza kujibu kwa nguvu mguso mdogo, na huendelea hata chanzo kikiondolewa. Chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu, kilipoirekebisha maana yake rasmi mwaka 2020, kiliweka wazi kwamba mtu anaweza kuumwa kweli bila jeraha lolote la kuonekana. Wagonjwa walikuwa wakilijua hilo zamani.

Turudi basi kwa mama wa Kyondo. Muuguzi mwenye dakika kumi anaweza kufanya mengi kabla ya kufungua kabati. Amwombe asimulie mzigo: una uzito gani, unatoka wapi, mara ngapi kwa juma, na aliurudia lini baada ya mtoto wa mwisho. Aulize usingizi. Aulize nini kilitokea nyumbani mwaka ule mgongo ulipoanza. Kisha atafute dalili za hatari: homa, kukonda, jasho la usiku, kikohozi kirefu, kwani kifua kikuu hupenda pingili za mgongo, maumivu yasiyotulia hata mtu akilala, miguu kuishiwa nguvu, ganzi kati ya mapaja, mkojo kuziba au kutoka wenyewe. Hizi za mwisho ni za kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, iwe Kitatumba, Katwa au Matanda. Asipokuwa na hata moja kati ya hizo, na wengi hawana, picha ya eksirei haitamsaidia kitu. Itaonyesha mifupa iliyobeba mizigo, jambo ambalo tayari analijua.

Hapo ndipo kazi ngumu inaanza, kwa sababu lazima aambiwe mambo mawili kwa pumzi moja: hana ugonjwa wa hatari, na maumivu yake ni ya kweli. Akisikia la kwanza peke yake anaelewa kwamba ameitwa mwongo. Hatarudi. Ataenda kwenye chumba cha maombi, au kwa mtu atakayemwambia kwamba ametiwa karuho, ile sumu ya polepole inayotajwa sana Kivu, na kumtapisha. Au atakwenda maabara na kutoka na taifoidi. Sijui ugonjwa wenye bidii kama taifoidi ya maabara zetu. Kipimo cha Widal kilibuniwa mwaka 1896, na hadi leo kinaweza kumwonyesha alama mtu ambaye hana taifoidi kabisa. Antibiotiki zinafuata, mgongo unabaki palepale.

Tiba yenyewe haina mvuto. Asilale kitandani, kwa sababu misuli inayolala hudhoofika na mgongo hukakamaa. Maumivu mengi ya kiuno yaliyoanza karibuni hupungua ndani ya majuma sita kwa mtu anayeendelea kutembea. Mzigo ugawanywe mara mbili. Najua ni rahisi kulisema hilo ukiwa unalipwa mwisho wa mwezi. Lakini nimewaona akina mama wakikubaliana watatu kukodi chukudu moja, na wazo hilo halikutoka kwa daktari. Maji ya moto kwenye kitambaa jioni. Parasetamoli siku zile mbaya, kwa kipimo kinachofanya kazi: mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na ini zima huhitaji gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, na asizidishe vinane kwa siku. Kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku, kama wengi wanavyomeza, ni sawa na kutomeza, na kisha parasetamoli inalaumiwa kuwa dhaifu.

Kwa maumivu yanayochoma, yanayopiga kama umeme na kushuka mguuni, ipo dawa ambayo maduka ya dawa huisahau: amitriptilini, miligramu 10 hadi 25, usiku. Ni ya zamani, ni ya bei ndogo, imo kwenye orodha ya dawa muhimu. Tatizo lake ni sifa yake. Mgonjwa akisikia kwa jirani kwamba ni dawa ya wenye huzuni au wazimu, anaitupa. Aelezwe mapema kwamba kwa kipimo hiki kidogo inatuliza neva, kwamba mdomo utakauka na usingizi utakuwa mzito siku za kwanza, na kwamba matokeo huonekana baada ya majuma, si baada ya usiku mmoja. Nusu ya tiba iko kwenye maelezo hayo.

Kinachouzwa badala yake ni mchanganyiko. Diklofenaki kutoka kituoni, ibuprofeni kutoka dukani, na vidonge vya indometasini alivyopewa na shemeji. Mgonjwa anadhani ana dawa tatu. Ana moja katika nguo tatu: zote huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, jambo lililogunduliwa na John Vane mwaka 1971 alipokuwa akichunguza aspirini, na lililompa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini hizohizo zinazoleta uvimbe na maumivu ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuzipa figo damu. Kwa siku tano, kwa mtu mwenye afya aliyekula, dawa hizi ni nzuri sana. Kwa mwaka mzima huleta vidonda vinavyotoka damu, hupandisha shinikizo la damu na kuzichosha figo. Juu yake huongezwa deksametasoni, ambayo kwa muda mfupi humfanya mtu ajione kijana: maumivu yanaisha, hamu ya kula inarudi, mashavu yanajaa. Mashavu hayo si afya. Sukari inapanda, mifupa inapungua, na siku atakapoiacha ghafla mwili unaweza kushindwa kusimama.

Na sindano? Diklofenaki ya msulini haina nguvu zaidi ya ile ya kidonge kwa mtu anayeweza kumeza. Inaanza kazi mapema kidogo, basi. Dhidi ya faida hiyo ndogo weka majipu, na neva kubwa ya mguu inayopita ndani ya tako, ambayo sindano iliyokosea mahali huipiga na kuacha mguu ukiburuta. Watoto wengi wa Afrika wamelemaa hivyo kwa sindano za kwinini.

Ila hadithi ya sindano katika Kongo haikuishia kwenye mguu. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, masista walikuwa wakigawa sindano tano tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa nje, wakiziosha kwa maji kati ya mgonjwa na mgonjwa. Wengi walikuja kwa homa na maumivu. Ndivyo Ebola ilivyosambaa mara ya kwanza ilipojulikana: wagonjwa 318, waliokufa 280. Miaka arobaini na miwili baadaye, tarehe 1 Agosti 2018, mlipuko ulitangazwa tena, safari hii katika eneo la Beni, kuanzia Mangina. Mwishoni mwa mwaka huo wachunguzi mjini Beni walikuta watoto wengi kupita walivyotarajia miongoni mwa wagonjwa wapya. Njia zao za maambukizi ziliongoza, kwa sehemu kubwa, kwenye vituo vinavyoitwa tradimoderni, vinavyochanganya dawa za kienyeji na sindano za kizungu. Walikuwa wamepelekwa huko kwa malaria. Hitaji letu la kuchomwa lilipata bei yake halisi.

Mlipuko uliisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Yameandikwa mengi kuhusu chanjo, risasi, siasa na pesa za kipindi kile. Kuhusu maumivu yameandikwa machache, ingawa ugonjwa wenyewe huanza kwa kichwa, misuli na viungo, dalili zilezile za malaria ya kila siku. Kwa karibu miaka miwili kuumwa kichwa kulikuwa jambo la usalama wa mtaa. Watu walificha. Serikali na wafadhili walipoondoa malipo katika zoni za afya zilizoguswa, vituo vikafurika, na kwa mara ya kwanza watu wakatibiwa migongo na magoti waliyoyabeba miaka. Hofu na tiba ya bure zilimvuta mtu mmoja pande mbili.

Ndani ya vituo vya matibabu ya Ebola kulikuwa na kanuni ambazo, kwa maoni yangu, zilipaswa kubaki baada ya mahema kung'olewa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zilizuiwa, kwa sababu ya damu na figo. Sindano za msulini ziliepukwa. Maumivu yalipimwa na kuandikwa. Parasetamoli ilitolewa kwa saa, bila kungoja mgonjwa aombe, na yaliyokuwa makali yalipewa tramadoli au mofini. Muuguzi wa Butembo aliyefanya kazi pale mwaka 2019 alijifunza kutuliza maumivu kwa utaratibu ambao hospitali yake ya kawaida haikuwa nao. Mkataba ulipokwisha alirudi kwenye kabati lake la zamani.

Kuna pia waliopona, zaidi ya watu 1,100. Utafiti uliofanywa Liberia na kuchapishwa mwaka 2019 uliwalinganisha waliopona Ebola na watu wao wa karibu, ukakuta waliopona wana maumivu ya viungo, ya misuli na ya kichwa kwa wingi zaidi, pamoja na uchovu na usahaulifu. Kliniki za ufuatiliaji za Beni, Butembo na Mangina zilisikia malalamiko hayohayo, na macho yanayouma. Kwao daktari wa kawaida ana mzigo wa ziada. Mtu mmoja aliyetibiwa katikati ya 2019 akapona, aliugua tena miezi sita baadaye, na kutoka kwake mnyororo wa maambukizi ulifika watu 91. Kwa hiyo aliyepona akisema viungo vinauma, mara nyingi sana ni yale maumivu sugu yanayofuata ugonjwa. Mara chache mno ni kurudi kwa virusi. Daktari lazima aangalie homa na apime bila kumfanya mtu ajione mfungwa tena. Nimesikia waliopona wakisema wameacha kutaja kwamba waliwahi kuugua, ili waguswe kama watu wengine. Siwezi kuwalaumu.

Yule motari wa paja bado anangoja pesa ya picha. Kwake karibu kila kitu nilichosema juu ya subira na maelezo hakifai. Anahitaji dawa sasa, na anahitaji kwanza kitu kisicho dawa: banzi. Mfupa uliotulizwa kwa ubao na bendeji hupunguza maumivu kuliko sindano nyingi, na kituo cha mwisho msituni kinaweza kulifanya. Kisha parasetamoli kwa kipimo kamili, tramadoli au mofini kidogokidogo mshipani mpaka uso ulegee. Daktari aliyefunzwa anaweza kuchoma ganzi kwenye kinena, karibu na neva ya paja, na paja likanyamaza kwa saa kadhaa. Ketamini ipo pia. Ni dawa ya ajabu kwa mahali kama hapa: kwa kipimo cha kawaida haizimi pumzi, haihitaji mashine, inafanya kazi taa zikiwa zimekatika. Mwaka 2015 China iliomba Umoja wa Mataifa uiweke chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu ya vijana wanaoilewa mijini kwao. Shirika la Afya Duniani lilipinga, nasi tulipona chupuchupu, kwani dawa ikiingia orodha hiyo hupotea kwanza kwa maskini.

Wapo madaktari wanaokataa kutuliza tumbo linalouma ghafla mpaka mpasuaji afike, wakiogopa kuficha ugonjwa. Wazo hilo lilipata nguvu kutoka kitabu cha Mwingereza Zachary Cope, cha mwaka 1921. Majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba kumtuliza mgonjwa hakuzuii ugonjwa kutambuliwa, na tumbo lisilojikaza huchunguzika kwa urahisi. Miaka mia moja inatosha.

Watoto wanastahili aya yao. Mtoto mwenye seli mundu, anayeitwa SS huku, hupata maumivu ambayo watu wazima wengi hawatayajua: damu inagandamana kwenye mishipa ya mifupa, na anapiga kelele mpaka sauti iishe. Kunyamaza kwake si nafuu. Anahitaji maji, joto, parasetamoli na ibuprofeni kwa uzito wake, na mofini isipotosha hiyo. Na kuna namna ya kuzuia: jaribio lililofanywa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto 606 lilionyesha kwamba hidroksiurea ilishusha matukio ya maumivu kutoka 98 hivi hadi 45 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Mbale iko upande wa pili wa Uganda, Kinshasa ni mji wetu mkuu. Ushahidi umetuzunguka pande zote mbili.

Mofini nimeitaja mara kadhaa kana kwamba iko. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Vitu vyake hutoka Dubai, Guangzhou na Kampala, vikapita mpaka wa Kasindi, na dawa za maumivu zimo. Diklofenaki inapita. Tramadoli inapita, kwa kuwa haimo katika mikataba ya kimataifa ya udhibiti. Mofini ya kunywa, ambayo Uganda inaitengeneza kwa unga na maji na kuwapa wagonjwa bila malipo, haipiti. Anne Merriman, daktari na aliyekuwa sista, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa fomula hiyo rahisi: chupa ya maji yenye rangi, kijani kwa ile nyepesi, waridi kwa nzito, ili asiyejua kusoma asikosee. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Hatua hiyo ya sheria, naamini, ilifanya kazi kubwa kuliko fomula, kwani vijijini daktari hayupo na muuguzi yupo.

Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1. Kule Mutwanga, mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi anakufa ndani ya hesabu hiyo, kwa tramadoli. Tramadoli ina dari: miligramu 400 kwa siku, na kupita hapo ni hatari ya degedege. Baadhi ya watu ini lao haliibadilishi na hawapati nafuu yoyote. Ikichanganywa na amitriptilini hatari huongezeka. Daktari anayejua hayo anaitumia kwa uangalifu, anaongeza dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, anaongeza parasetamoli, na anamwambia binti wa mgonjwa ukweli kuhusu kitakachofuata.

Hofu ya uraibu inatajwa kila mara, na vijana wanaomeza tramadoli kwa ujasiri wapo. Lakini kizuizi kikubwa zaidi hakina drama. Mkataba wa mwaka 1961 unaitaka kila nchi itume makadirio ya mahitaji yake ya mwaka kwa bodi ya kimataifa inayosimamia dawa hizi, na kiasi kinachoingia hufuata makadirio. Makadirio hutokana na maombi ya hospitali. Hospitali ambayo haijawahi kupewa mofini haiombi, kwa nini iombe? Isipoomba, haihesabiwi, isipohesabiwa, haipewi, na mwaka unaofuata unaanza na sifuri ileile.

Kinachoweza kulikata duara hilo ni daftari, na Kitatumba, Matanda, Oicha au Hospitali Kuu ya Beni hazihitaji mfadhili kulifungua. Safu ya kwanza ugonjwa. Ya pili maumivu siku ya kuingia, kati ya 0 na 10, vidole vya mikono miwili vikitosha kwa asiyejua tarakimu. Ya tatu dawa aliyopewa na kipimo chake. Ya nne maumivu baada ya saa 24. Mwisho wa mwaka mfamasia anajumlisha wale waliobaki juu ya 7, anaandika gramu za mofini ambazo wangehitaji, na karatasi inapanda kwenye ofisi ya afya ya mkoa, kisha Kinshasa, kabla makadirio hayajatumwa.